Baraza ya vioo na kodi ya nyumba: ni nini serikali ilihesabu, tangu madirisha ya Ulaya hadi njia panda ya Sake

Sake, wilaya ya Masisi. Anayetoka Goma kuelekea magharibi anafika Sake baada ya kilomita 25 hivi, mahali barabara inapogawanyika. Moja inafuata ziwa kuelekea Minova na Bukavu, nyingine inapanda milima kuelekea Mushaki na Masisi-kati. Kwenye njia panda kama hiyo, kila mita inayotazama barabara ina bei yake, na ndiyo sababu baraza nyingi hazibaki wazi muda mrefu. Mwenye nyumba anaanza na benchi ya kukalia jioni. Baadaye anaweka meza ya kuuzia sukari, chumvi na sabuni. Akipata pesa kidogo anamwita fundi, anaziba pande mbili kwa mbao, na upande wa barabara anaweka vioo ili bidhaa zionekane na vumbi libaki nje. Baraza imekuwa duka, au imekuwa chumba cha kupangisha.

Hapo ndipo swali linapozuka: ukiziba baraza kwa vioo, kodi ya nyumba inapanda?

Jibu fupi ni kwamba katika sheria ya Kongo kioo chenyewe hakina kodi. Kinachohesabiwa ni aina ya nyumba, mahali ilipo, ukubwa wake, na kama kuna mtu anayekulipa ili akae ndani. Jibu refu linapita kwa wafalme wa Ulaya, kwa Leopold wa Pili, kwa babu waliolipa kwa kichwa chao na si kwa nyumba, na linaishia kwa familia zilizotawanyika tangu 2024 ambazo leo zinajiuliza kama nyumba waliyoiacha bado ni yao kwenye karatasi.

Kwanza neno lenyewe, maana lina safari yake. Baraza kwa Kiswahili ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, na pia ni mkutano wa watu wanaoketi kuamua jambo. Wabelgiji walipofika Kongo walilichukua neno hilo wakaliingiza katika Kifaransa chao cha koloni: waliandika «barza», wakimaanisha ile sehemu yenye paa na isiyo na ukuta mbele ya nyumba. Maana ya pili nayo haikupotea. Mwaka 1998, wakati makabila ya Kivu ya Kaskazini yalipotafuta mahali pa kuzungumza baada ya miaka ya kuuana, chombo kilichoundwa kiliitwa Barza ya makabila, kwa tahajia ileile ya Wabelgiji. Neno lilitoka kwa Waswahili, likaazimwa na Wazungu, likarudi likiwa limepoteza herufi moja njiani.

Sasa kodi. Kutoza nyumba kwa kuangalia madirisha si hadithi ya kutungwa. Uingereza ilianzisha kodi ya madirisha mwaka 1696 na ikaifuta mwaka 1851. Afisa hakuhitaji kuingia ndani wala kumuuliza mtu anapata kiasi gani kwa mwaka. Alisimama barabarani akahesabu madirisha. Watu nao hawakuwa wajinga. Waliziba madirisha kwa matofali, na mpaka leo kuna nyumba za zamani Uingereza zenye umbo la dirisha ukutani bila dirisha. Kioo nacho kilitozwa peke yake, kwa uzito, kuanzia 1746 hadi 1845. Kwa karibu miaka mia, Mwingereza aliyetaka kuziba baraza yake kwa vioo angelipa mara mbili: mara ya kwanza kwenye bei ya kioo, mara ya pili kwenye hesabu ya madirisha. Ufaransa ilikuwa na kodi yake ya milango na madirisha tangu 1798, ikadumu hadi 1926. Ubelgiji, ambayo ndiyo iliyotutawala, nayo ilihesabu milango na madirisha katika kodi ya kila kaya kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, pamoja na mahali pa kuota moto, fanicha, watumishi na farasi.

Kwa hiyo maafisa waliokuja Kongo walitoka katika nchi ambako nyumba ilikuwa kitabu cha kusoma utajiri wa mtu. Walikuja na desturi hiyo, lakini hawakuitumia kwa watu wote.

Katika Dola Huru ya Kongo ya Leopold, miaka ya 1890, kodi ya makampuni, misheni na Wazungu wakazi ilihesabiwa kwa vitu vitatu: ukubwa wa majengo na viwanja vyao vilivyozungushiwa ua, idadi ya wafanyakazi, na vyombo vyao vya majini. Nyumba ya Mzungu ilipimwa. Nyumba ya Mkongomani haikupimwa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kodi. Alilipa kwa mpira, kwa kubeba mizigo, kwa chakula cha askari. Amri ya Novemba 1903 ilipojaribu kuweka kikomo ilisema saa 40 za kazi kwa mwezi, kikomo ambacho katika maeneo ya mpira kilibaki kwenye karatasi.

Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908 ililazimika kubadilisha jambo hilo mbele ya macho ya dunia. Amri ya Mei 1910 ikaweka kodi ya pesa kwa kila mwanaume mzima, na amri ya Julai 1914 ikaipanga upya. Ilikuwa kodi ya kichwa. Mwenye wake wengi aliongezewa kiasi kwa kila mke baada ya wa kwanza. Nyumba ya nyasi, nyumba ya udongo, nyumba yenye baraza au isiyo na baraza, kwa afisa wa kodi zilikuwa sawa.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda kinyume. Wajerumani katika Tanganyika walianza kutoza kibanda mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda cha kijijini. Mkataba wa Uganda wa 1900 uliweka rupia 3 kwa kila nyumba, na Kenya ikafuata mwaka 1901. Watu walifanya kile kile Waingereza walichofanya na madirisha yao: walijibana. Ndugu walioishi katika nyumba tatu walihamia katika moja, watoto wakubwa wakarudi kulala kwa wazazi, na daftari la vibanda likapungua. Watawala walipogundua, wakaongeza kodi ya kichwa kwa vijana wasio na nyumba. Ukitoza nyumba, watu wanapunguza nyumba. Ukitoza dirisha, wanaziba dirisha. Mtoza kodi wa Kongo hakuwa na shida hiyo, kwa kuwa kichwa hakizibwi kwa tofali. Alikuwa na shida nyingine: watu walikimbilia msituni siku alipokuja.

Ndiyo sababu wazee wa Masisi wanapozungumza juu ya kodi ya zamani hawazungumzi juu ya nyumba. Wanazungumza juu ya kitambulisho, karatasi ya kodi na kukamatwa njiani kwa kukosa karatasi hiyo. Hata baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Mobutu ilikuwa na kodi ndogo ya kila mtu iliyojulikana kwa herufi CPM, na karatasi yake iliombwa kama vile ya babu ilivyoombwa.

Wakati huo wote Sake ilikuwa inakua kwenye mawe. Mlipuko wa Nyamulagira wa 1938 hadi 1940 ulishusha lava mpaka Ziwa Kivu karibu na Sake, na mawe hayo meusi ndiyo misingi, kuta na nyua za nyumba nyingi za upande huu. Milimani, Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawa ardhi kubwa kwa walowezi wa mashamba na ng'ombe. Hao ndio waliokuwa na nyumba za kupimwa na hati za kuonyesha. Wahunde na majirani zao waliishi kwenye ardhi ya usultani, ambako mpaka wa kiwanja ulikuwa mti, jiwe au maneno ya chifu mbele ya mashahidi. Tofauti hiyo ya hati na neno la mdomo haijaisha.

Sheria inayohusu swali la baraza ni ya tarehe 10 Februari 1969, namba 69-006. Imerekebishwa mara kadhaa, lakini ndiyo msingi wa kodi ya nyumba na viwanja katika Kongo nzima. Inagawa miji na vijiji katika madaraja manne. Kisha inaangalia nyumba ni ya aina gani. Nyumba inayohesabiwa kuwa vila inatozwa kwa kila mita ya mraba iliyojengwa. Jengo la ghorofa linatozwa kwa ghorofa. Nyumba za kawaida zinatozwa kiasi kimoja kwa mwaka, bila kujali kama sebule ina mita 12 au 20. Kiwanja kisichojengwa nacho kina kiwango chake. Hakuna mahali sheria inapouliza madirisha ni mangapi wala kioo ni cha aina gani.

Chukua mfano. Nyumba ina mita 8 kwa 10, yaani mita za mraba 80. Mbele ina baraza ya mita 2 kwa 8, ambayo ni 16. Kama ni vila inayotozwa kwa mita, tofauti kati ya 80 na 96 ni moja ya tano ya kodi, na hapo mwenye nyumba ana haki ya kuuliza afisa amepima kuanzia wapi hadi wapi, na kuomba vipimo viandikwe kwenye karatasi ya hesabu. Kama ni nyumba ya kawaida inayotozwa kiasi kimoja, baraza inaweza kuzibwa kwa vioo, kwa mbao au kwa mawe ya lava, kiasi hakibadiliki. Nyumba nyingi za mbao na mabati za Sake si vila kwa kipimo chochote. Afisa anayemwambia mama mwenye nyumba ya mbao kwamba vioo vyake vipya «vimepandisha daraja» la nyumba aombwe aonyeshe ni kwa sheria gani, maana daraja linalotajwa na sheria ni la mahali.

Tangazo la kodi hiyo hufanywa na mwenye mali kila mwaka, na tarehe inayojulikana ni 1 Februari. Sheria pia ina watu iliowaachilia. Mzee aliyepita miaka 55 na mjane wanaweza kusamehewa kodi ya nyumba wanayokaa wenyewe, kwa masharti, na la kwanza ni kwamba wasiwe wameipangisha. Majengo ya kilimo na ufugaji yamesamehewa pia, na ya ibada vilevile. Wajane wengi hawajawahi kuambiwa jambo hilo. Wanaambiwa kiasi cha kulipa.

Na hapa ndipo vioo vinaporudi kwenye hadithi, kwa mlango wa nyuma.

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Kodi ni pesa inayokwenda serikalini, na kodi pia ni pesa ambayo mpangaji anampa mwenye nyumba. Mtu akisema «nimelipa kodi ya nyumba», msikilizaji hawezi kujua kama amelipa serikali au amemlipa baba mwenye nyumba. Kwa kawaida mchanganyiko huo hauleti madhara. Kwenye baraza iliyozibwa unaleta, kwa sababu baraza ya vioo ikipangishwa inaingiza kodi ya pili, na juu ya kodi hiyo ya pili serikali ina kodi yake.

Kodi ya mapato ya kupangisha, kwa kiwango cha kitaifa kilichozoeleka, ni asilimia 22 ya pango lote, bila kutoa gharama za matengenezo. Mpangaji ndiye anayekata asilimia 20 na kuipeleka serikalini, na mwenye nyumba anamalizia 2. Tuseme baraza imekuwa duka linalopangishwa kwa dola 30 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 360. Asilimia 22 yake ni dola 79 na senti 20: mpangaji angepeleka 72, mwenye nyumba 7 na senti 20. Ukilinganisha na kodi ya nyumba ya kawaida, hii ndiyo nzito. Mjane aliyesamehewa kodi ya nyumba kwa sababu anaikaa mwenyewe anaweza kupoteza msamaha huo, au sehemu yake, siku anapoweka mpangaji barazani. Kwa hiyo anayesema «vioo vimeniletea kodi» hajakosea kabisa. Vioo vilileta mpangaji, na mpangaji akaleta kodi.

Katika hali halisi, mapatano mengi ya Sake yanafanywa kwa mdomo, mpangaji hakati chochote, na mwenye nyumba anadhani amemaliza. Kisha siku moja anakuja mtu na karatasi ya faini ya miaka mitatu. Kadiri hesabu ilivyokaa gizani, ndivyo majadiliano yanavyokuwa ya siri zaidi.

Nani anakusanya? Hilo nalo lilibadilika. Mpaka katikati ya miaka ya 2000 kodi ya nyumba ilikuwa chini ya Kinshasa. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 204, iliweka kodi ya nyumba na viwanja, kodi ya mapato ya kupangisha na kodi ya magari mikononi mwa mikoa. Kivu ya Kaskazini ina idara yake ya mapato, DGRNK. Usultani nao, kama chombo cha serikali ya chini, una ushuru wake wa soko na wa vibanda. Matokeo kwa mwenye duka la barazani ni kwamba anaweza kutembelewa na watu wa mkoa, wa usultani na wa soko katika wiki moja, kila mmoja na kitabu chake cha risiti, na kila mmoja akisema «kodi». Siku ya kugombana, kilichoandikwa kwenye risiti ndicho kinachosaidia: ni ya malipo gani, ya mwaka gani, na imetolewa na nani.

Majirani wameliamua swali la baraza kwa njia tofauti, na kulinganisha kunasaidia kuona kwamba hakuna jibu lililoshuka kutoka mbinguni. Nairobi hutoza ardhi tu, si kilichojengwa juu yake, kwa hiyo baraza ya vioo haibadilishi kitu. Tatizo la huko lilikuwa kwamba daftari la thamani la 1982 liliendelea kutumika kwa karibu miaka 40. Tanzania tangu 2021 inakata kodi ya majengo kupitia mita ya umeme, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inalipa shilingi 18,000 kwa mwaka, iwe na vioo au isiwe navyo. Uganda inatoza nyumba kwa kadiri ya pango inaloweza kuingiza, lakini mwenye nyumba anayeikaa mwenyewe hatozwi. Huko, kama Sake, ni mpangaji anayeleta hesabu.

Ubelgiji ndiyo inayochekesha kidogo. Ndugu waliohamia Brussels au Liège watasikia neno «véranda», na watadhani ni baraza. Siyo. Kwa Mbelgiji wa leo hicho ni chumba cha vioo kilichoongezwa nyuma ya nyumba ili kukamata jua, na anayekijenga anapaswa kukitangaza serikalini ndani ya siku 30 baada ya kazi kwisha. Thamani ya nyumba kwenye daftari inahesabiwa upya, kwa kufuata pango la mwaka 1975 tena, na kodi ya kila mwaka inapanda. Nchi iliyoacha kuhesabu madirisha imerudi kuhesabu vioo kwa njia nyingine. Huko swali letu lina jibu wazi la ndiyo.

Lakini Ubelgiji hakuna mtu anayeacha nyumba yake saa tisa usiku na kurudi baada ya miezi kumi na minane.

Sake imekimbiwa mara nyingi. Novemba 2006 watu walikimbia vita kati ya jeshi na wapiganaji wa Nkunda. Novemba 2012 M23 waliingia Goma tarehe 20 na Sake siku iliyofuata. Mei 2021 ilikuwa kinyume: Nyiragongo ililipuka, Goma ikaamriwa kuhama, na Sake ikawa mji wa kukimbilia, shule na makanisa yakajaa na watu wengine wakalala barazani mwa watu wasiowajua. Februari 2024 mabomu yalianguka ndani ya mji, na familia zikashuka kuelekea Mugunga, Bulengo na kambi nyingine za magharibi mwa Goma. Januari 2025 M23 walichukua Sake, kisha Goma, na wiki chache baadaye kambi zikavunjwa na watu wakaambiwa warudi kwao.

Aliyerudi alikuta nini barazani? Kioo ni kitu cha kwanza kuvunjika bomu likianguka hata mita mia mbili mbali, na fremu ya chuma ni kitu cha kwanza kuibwa. Wengine walikuta mabati yameondoka pia. Na wengine walikuta baraza iko salama, vioo viko salama, na ndani yake kuna mtu anauza, ambaye amekuwa akilipa pango kwa mtu mwingine.

Huyo wa mwisho ndiye mwenye swali gumu kuliko yote, na kodi inaingia humo kwa njia ambayo wengi wanaielewa vibaya. Katika mabishano ya mitaani, aliye na risiti za kodi anazitoa mfukoni kama hati. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 haiangalii hivyo. Ardhi ya Kongo ni ya serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja alichopewa na serikali inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa kwenye ofisi ya hati za ardhi. Cheti hicho kinaweza kupingwa mahakamani katika miaka miwili ya kwanza. Baada ya hapo hakigusiki kirahisi. Risiti ya kodi inaonyesha kwamba fulani alilipa, basi. Mtu aliyelipa kodi ya baraza yako kwa mwaka mzima hajainunua. Vilevile, wewe uliyelipa kwa miaka 20 bila cheti una ushahidi kwamba ulikaa hapo, na ushahidi huo una uzito mbele ya chifu au hakimu, lakini si cheti.

Ugumu wa Sake ni kwamba sehemu kubwa ya viwanja ilitolewa kwa desturi ya usultani wa Bahunde. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba haki za ardhi ya wenyeji zitapangwa kwa amri ya rais. Miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Kwa hiyo aliyejenga kwa neno la chifu alijenga kwa haki ambayo sheria inaitambua kwa mdomo wa pembeni, na vita inapotawanya mashahidi, haki hiyo inatawanyika nao: mmoja yuko Minova, mwingine amevuka kwenda Uganda, wa tatu amekufa kambini.

Katika hali hiyo karatasi ndogo zinapata thamani ambayo hazikuandikiwa. Risiti ya kodi ya 2019 yenye jina la avenyu. Karatasi ya mapatano na mpangaji wa kwanza wa duka la barazani, yenye sahihi za mashahidi wawili. Bili ya fundi aliyeweka vioo, yenye vipimo: mita 2 kwa 8, fremu tatu, mlango mmoja. Picha ya simu iliyopigwa siku ya ubatizo, watoto wamesimama mbele ya vioo vipya na nyumba ya jirani inaonekana nyuma. Familia zilizokimbia Februari 2024 zilibeba magodoro, masufuria na watoto, na karatasi hizo nyingi zilibaki kwenye sanduku chini ya kitanda. Waliozipiga picha na kumtumia ndugu aliye mbali bado wanazo.

Fundi naye anakumbuka. Sake haina mafundi wengi wa vioo, na aliyekata kioo cha mtu anajua alikata cha nani, kwa sababu kioo kikikatwa vibaya ni yeye anayelipa. Mbele ya baraza la wazee, wakati cheti hakuna na majirani wametawanyika, mtu wa namna hiyo akiitwa aseme baraza ilikuwa na upana gani kabla ya vita na ni nani aliyemlipa kazi, anapima kwa hatua zake, anaangalia matundu ya misumari kwenye jiwe la lava, na anasema.